Kabla Hujajenga Nyumba ya Mbao

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile: "Nina kiwanja, mbao zinapatikana jirani, na fundi ananiambia nyumba ya mbao ni nafuu na inaisha haraka. Nijenge?" Anauliza mwalimu aliyehamishiwa Makete. Anauliza mkulima wa parachichi wa Njombe. Anauliza kijana wa Lushoto aliyegawiwa na baba yake kipande cha mteremko, na anauliza pia mtu wa Dar es Salaam anayetaka nyumba ndogo ya kupumzikia Bagamoyo. Siwezi kuwapa wote jibu moja. Baadhi yao nitawaambia wajenge bila hofu. Wengine nitawaomba waache, nao wanisikilize hadi mwisho kabla ya kukasirika.

Ninaposema nyumba ya mbao nina maana ya nyumba ya fremu: msingi wa mawe au zege, nguzo za mbao, ukuta wa mbao na paa la bati. Banda la mabanzi la kuhifadhia saruji ni jambo jingine kabisa.

Maswali manne kabla ya kuuliza bei

1. Nani ataishi humo mwaka mzima? Nyumba ya mbao inataka jicho la kila siku: mtu wa kuona bati lililolegea, wa kubomoa njia ya mchwa ingali na urefu wa kidole, wa kufungua madirisha hewa ipite. Kama unajenga kijijini kwa ajili ya Krismasi na misiba, kisha unafunga kufuli miezi kumi, jenga kwa tofali. Kati ya yote nitakayoyaandika hapa, hili ndilo ninalolisisitiza zaidi.
2. Maji ya mvua yanakwenda wapi? Nenda kiwanjani mvua ikinyesha, usiende siku ya jua. Kama maji yanatuama au yanapita katikati, kwanza tatua hilo.
3. Jirani yuko umbali gani? Kama kutoka ukuta wake hadi wako ni hatua tatu, moto wake ni moto wako.
4. Unazo fedha zote hadi kufikia paa? Hapa ndipo wengi hukwama, na ndiyo maana naanza na hili.

Matofali husubiri, mbao hazisubiri

Wengi wetu tunajenga mdogo mdogo. Mwaka huu msingi, mwakani boma, mwaka wa tatu paa, SACCOS ikikubali. Boma la matofali ya saruji linaweza kunyeshewa misimu kadhaa likabaki boma. Fremu ya mbao iliyoachwa wazi masika moja tu imeshapinda, imepauka, misumari imeanza kutu, na kwenye maungio ukungu umeshaingia. Kwa hiyo unafuu unaosifiwa ni wa mtu mwenye uwezo wa kwenda kutoka msingi hadi paa kwa mkupuo mmoja.

Kama huna uwezo huo, bado ipo njia. Badilisha mpangilio wa kununua:

- Jenga msingi, uuache. Zege halidhuriki na mvua.
- Nunua mbao mapema na uzipange zikauke chini ya kipaa cha muda. Fedha yako inakungoja ikiwa mbao kavu, na hilo ni jambo zuri, kwa sababu sokoni mbao kavu hazipatikani kirahisi.
- Nunua bati, misumari na vyuma vya kufungia.
- Simamisha fremu pale tu kila kitu cha kufikia paa kipo kiwanjani.

Chagua na mwezi. Nyanda za Juu Kusini mvua hupungua kuanzia Mei, basi Juni ni wakati wa kusimamisha fremu ili ifikapo Novemba umeshafunika. Usambara na Pwani, ambako kuna masika na vuli, dirisha lako ni kati ya Juni na Septemba.

Kuhusu hesabu yenyewe, fundi akikuambia nyumba ya mbao ni "nusu bei", muulize: nusu ya nini? Bati, sakafu, milango, madirisha, umeme, maji na choo vinagharimu karibu sawa na nyumba ya tofali. Unachookoa ni ukuta, sehemu ya msingi, na muda wa mafundi. Halafu ongeza vitu ambavyo mwenye tofali havinunui: dawa ya mbao, bitana ya ukuta wa ndani, na rangi au mafuta kila baada ya miaka michache. Andika hesabu mbili kamili kwenye karatasi, ya tofali na ya mbao, kila moja hadi siku ya kuhamia. Nje ya maeneo yenye mashamba ya miti, tofauti inaweza kukushangaza kwa udogo wake, maana usafiri unakula faida.

Bei ya mbao nayo haitulii. Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya serikali mwezi Februari 2018, bei zilipanda, na waliokuwa katikati ya ujenzi walikwama. Nunua mbao zote za fremu kwa pamoja, usinunue kwa vipande vya mwezi hadi mwezi.

Faida ambazo nazisimamia

*Wepesi.* Mita moja ya ujazo ya mbao kavu za msindano ina uzito wa kilo 500 hivi. Matofali ya saruji ya ujazo huo huo hufika karibu kilo 2,000. Kwenye miteremko ya Lushoto, ambako vifaa hupandishwa kwa mabega na vichwa, tofauti hiyo unaihisi shingoni. Msingi nao unabeba kidogo, kwa hiyo hauhitaji upana ule ule.

*Kustahimili mtikisiko.* Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi za matofali na udongo Bukoba na maeneo jirani, na watu walipoteza maisha. Ukuta wa tofali usio na nondo hupasuka ukitikiswa, kisha humwangukia aliye ndani. Fremu ya mbao iliyofungwa barabara hupinda kidogo na kurudi. Anayejenga kwenye Bonde la Ufa, Kagera au Rukwa anapaswa kulipa jambo hili uzito zaidi kuliko mimi ninavyoweza kuandika.

*Joto la ndani.* Mbao hupitisha joto kidogo mno ukilinganisha na zege. Usiku wa Julai kule Mufindi au Makete, ukuta wa tofali hukunyonya joto la mwili; wa mbao haufanyi hivyo. Lakini faida hii hupotea yote kama kuna nyufa kati ya ubao na ubao. Ukuta uwe na tabaka mbili, la nje na la ndani, na juu pawe na dari. Ubao mmoja wa inchi 1 na bati tupu juu yake si nyumba ya baridi, wala ya joto.

*Muda.* Mbao zikiwa kavu na mafundi wazuri, nyumba ya vyumba viwili hufika paa kwa wiki chache. Anayelipa kodi ya nyumba mjini atajua thamani ya hilo.

*Kurekebishika.* Ubao ulioharibika hutolewa, mwingine ukawekwa. Kuongeza chumba hakuhitaji kuvunja zege.

Chagua mbao kama anayenunua ng'ombe

Usitume mtu. Nenda mwenyewe, na uende na fundi wako.

Mbao nyingi tunazojengea Tanzania ni za msindano kutoka mashamba ya Mufindi, Njombe na kwingineko. Shamba la Miti la Sao Hill, Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote ya serikali. Msindano ni mwepesi kufanyia kazi na hunyonya dawa vizuri. Bila dawa, hauna kinga dhidi ya mchwa wala uozo. Mkaratusi una nguvu zaidi, lakini hupasuka na kujisokota ukikauka vibaya, na ukishakauka hugoma msumari hadi utoboe kwanza kwa keekee. Mninga, mvule na mtiki hujilinda wenyewe kwa miaka mingi, ila ni ghali. Ziache kwa milango, fremu za madirisha na ngazi. Tena jueni kwamba kinachojilinda ni kiini cha mti. Tabaka jeupe la nje huliwa hata kama mti ni mvule.

Ukiwa kwenye yadi:

- Pima kwa tepu. "Mbili kwa nne" ya mdomoni inaweza kuwa pungufu ya inchi 2 na inchi 4, na fremu iliyopigiwa hesabu kwa kipimo kamili itakuwa dhaifu.
- Shika ubao mwisho mmoja, tazama urefu wake kwa jicho moja. Uliopinda au kujisokota mrudishie mwenyewe.
- Angalia macho. Jicho dogo lililoshikamana halina neno. Jicho kubwa lililo ukingoni mwa ubao wa kubeba mzigo linavunja.
- Tafuta matundu madogo yenye unga mwembamba. Hao ni wadudu watoboao mbao, na utawahamishia nyumbani.
- Rangi ya bluu kwenye msindano ni dalili kwamba ulikaa mbichi muda mrefu. Haipunguzi nguvu sana, lakini inakuambia jinsi muuzaji anavyotunza mali.
- Dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Bila karatasi za Wakala wa Huduma za Misitu unaweza kuachwa kando ya barabara na lori la mbao zilizokamatwa, na hasara ni yako.

Ukavu: hapa usifanye haraka

Ubao mbichi hujaa maji. Ukikauka ukiwa umeshapigiliwa, hunywea upande wa upana wake, na karibu haunywei kwa urefu. Matokeo yake ni nyufa unazopitisha kidole, milango isiyofunga, na misumari iliyolegea. Uozo nao huanza unyevu wa mbao ukizidi takriban asilimia 20 kwa muda. Lenga asilimia 15 hadi 18 kwa fremu, na chini zaidi kwa bitana na sakafu.

Huhitaji mashine kujua. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, maana mwisho hukauka kwanza. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Kiweke kwenye tanuri la mikate lenye joto la wastani, lisilounguza, ukipime tena na tena hadi uzito usishuke tena. Toa uzito wa mwisho kwenye uzito wa kwanza, gawa kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Mfano: gramu 600 zikishuka hadi 500, maji yalikuwa gramu 100, yaani asilimia 20. Ubao huo bado.

Kuzikausha mwenyewe:

1. Inua rundo juu ya matofali, angalau sentimita 40 kutoka ardhini.
2. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya unene wa inchi 1, kila baada ya sentimita 60. Vijiti vya safu zote vilingane wima. Visipolingana, mbao zitapinda zikifuata.
3. Paka miisho ya mbao rangi ya mafuta ili isipasuke.
4. Funika juu kwa bati, acha pande zote wazi. Turubai la kufunika hadi chini huchemsha ukungu.
5. Weka mawe mazito juu ya rundo.

Mbao za inchi 1 kwa kawaida huchukua wiki sita hadi miezi mitatu ya kiangazi. Za inchi 2 huchukua zaidi ya maradufu. Ndiyo, ni muda mrefu. Lakini miezi hiyo unaitumia kumaliza msingi.

Dawa, na kosa la oili chafu

Nasema wazi: oili chafu ya gari si dawa ya mbao. Inabaki juu juu, haiingii ndani, hufifia kwa jua na mvua, inanuka, inasaidia moto, na inazuia rangi kushika. Mchwa hupita pale ilipokosa kufika. Najua imetumika miaka yote na kwamba babu alipaka nguzo zake. Nguzo za babu mara nyingi zilikuwa za miti migumu ya asili, na hiyo ndiyo iliyozilinda.

Dawa inayoaminika kwa mbao za fremu ni ile inayosukumwa ndani kwa mgandamizo kiwandani, kama zinavyofanyiwa nguzo za umeme. Huacha rangi ya kijani. Lakini rangi ya kijani peke yake si ushahidi. Omba ubao mmoja ukatwe katikati, utazame dawa imeingia kina gani. Kama ni mstari mwembamba tu pembeni, ubao umechovywa, haukusukumiwa dawa. Bei ya kuchovya isilingane na bei ya mgandamizo.

Maonyo matatu:

- Kila unapokata ubao wenye dawa, umefungua mlango. Paka dawa sehemu iliyokatwa kabla ya kuiunganisha.
- Dawa ya kijani ya aina ya zamani ina shaba, kromiamu na aseniki. Usipikie wala kuota moto wa vipande vyake, na majivu yake yasifike bustanini. Aseniki haiungui, inabaki kwenye majivu na moshi. Fundi avae kitambaa puani anaposhika msumeno. Waambieni na watoto wanaookota kuni.
- Chumvi za boroni ni nzuri na salama zaidi kwa mbao za ndani na za kenchi, lakini huoshwa na mvua. Usizitegemee kwa ukuta wa nje.

Msingi, uvungu na paa: hapa nyumba inapona au inakufa

Kule Norway kuna makanisa ya mbao yaliyosimama tangu karne ya 12. La Borgund limekaribia miaka 850. Makanisa ya kabla ya hayo yalichimbiwa nguzo ardhini, na nguzo zikaoza. Wajenzi wakajifunza kuziinua juu ya mawe. Mti ulikuwa wa jamii ile ile. Kilichobadilika ni kwamba uliacha kugusa udongo. Sasa tazama ni nyumba ngapi za mbao hapa kwetu ambazo nguzo zake zimefukiwa kwenye shimo, zikamiminiwa zege shingoni. Zege linashika maji kuuzunguka mti, na miaka michache baadaye nguzo imekatika usawa wa ardhi huku juu ikiwa nzima.

Fanya hivi:

- Msingi upande sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi. Mvua ikipiga ardhi hurusha matope, na matope yasiufikie ubao.
- Kati ya zege na mbao ya kwanza weka nailoni nzito ya kuzuia unyevu.
- Juu ya nailoni hiyo weka ukanda wa bati, ukiutokeza nje na kuukunja kwenda chini. Mchwa wa ardhini hujenga njia za udongo. Bati haliwaui, ila linawalazimisha kupita mahali utakapowaona. Ndiyo kazi yake yote.
- Funga mbao ya chini kwenye zege kwa bolti zilizozikwa wakati wa kumimina. Misumari ya zege haitoshi.
- Ukichagua sakafu ya mbao, acha uvungu ambao mtu mzima anaweza kutambaa, wenye matundu ya hewa pande mbili yaliyozibwa kwa wavu wa panya. Uvungu usiofikika hukaguliwa siku sakafu inapotumbukia.
- Paa litokeze sentimita 60 hadi 90 kupita ukuta. Mafundi hupenda kulifupisha ili kubana bati. Kataa. Huwezi kupata kinga ya bei rahisi kuliko hiyo.
- Weka gata na uongoze maji mbali.
- Wepesi una upande wake wa pili: upepo huinua. Funga kenchi kwenye ukuta, ukuta kwenye mbao ya chini, na mbao ya chini kwenye msingi, yote kwa vyuma vya mkanda. Weka na mbao za mshazari kwenye pembe za fremu, la sivyo nyumba itaegemea upande.

Dawa ya mchwa ya kumwaga kwenye udongo wa msingi inasaidia, lakini nguvu yake huisha baada ya miaka. Isitumike karibu na kisima.

Kwa ndugu zangu wa Pwani

Kwenu mchwa hawapumziki, unyevu ni wa mwaka mzima, na hewa ya chumvi hula misumari. Tumia misumari na bolti zilizopakwa zinki, hata kama bei inauma. Ukuta mwepesi una faida kwenu, maana haukai na joto usiku kama unavyokaa ukuta wa zege, mradi upepo uwe na pa kuingilia na pa kutokea.

Na msidhani mbao ni ngeni kwenu. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zimebebwa na boriti za mikandaa. Upana wa vyumba vyake, ambao ni kama mita tatu tu, umetokana na urefu wa boriti. Boriti hizo hudumu vizazi paa likiwa zima. Paa likivuja na lisizibwe, ncha ya boriti iliyoingia ukutani huoza kwanza, na dari hushuka. Yeyote anayejenga kwa mbao Pwani aanzie kwenye somo hilo. Leo kukata mikoko, ikiwemo mikandaa, kunadhibitiwa kisheria. Kwa nguzo nyembamba tafuteni mivinje iliyopandwa.

Moto

Sitapunguza ukali wa jambo hili. Ubao mnene huungua polepole, takriban milimita 0.7 kwa dakika upande uliowaka, kwa sababu mkaa wa juu hulinda wa ndani. Ndiyo maana wanaotaka kujenga majengo marefu ya mbao hutumia mbao nene zilizounganishwa kwa gundi kiwandani. Ukuta wako wa inchi 1 hauna unene huo. Ukishika, una dakika chache za kutoka.

- Jiko la mkaa na la kuni liwe nje, katika jengo lake la tofali. Jiko la gesi likae kwenye kona iliyofunikwa tofali, mtungi ukiwa nje.
- Nyaya zote zipite ndani ya mipaipu, maungio yote yawe ndani ya visanduku. Usikubali waya uliopigiliwa kwenye ubao kwa misumari. Dai kifaa kinachokata umeme chenyewe panapotokea hitilafu, na fundi awe mwenye leseni.
- Mishumaa na vibatari visiingie kabisa. Taa ndogo ya sola ni nafuu kuliko kitanda.
- Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha ambalo nondo zake zinafunguka kutoka ndani bila ufunguo. Tunajifungia dhidi ya wezi hadi tunakosa pa kutokea.
- Mita 10 kuzunguka nyumba pawe safi. Vijijini kwetu Agosti hadi Oktoba ni miezi ya moto wa nyasi, na walio jirani na mashamba ya misindano wakate njia ya moto kila mwaka.
- Namba ya Zimamoto Tanzania ni 114. Lakini kama uko mbali na mji, panga kama mtu ambaye gari halitamfikia: mchanga, maji kwenye pipa, kizima moto cha poda karibu na mlango.

"Lakini mimi naona hivi…"

*"Watu watasema nimejenga banda."* Watasema, kwa sababu wamezoea kuona mbao zilizojengwa vibaya. Hekalu la Hōryū-ji kule Nara, Japani, lina majengo ya mbao yenye zaidi ya miaka 1,200. Huko Fumba, Zanzibar, mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa jengo refu la mbao la ghorofa 28. Jenga vizuri, wacha nyumba ijibu.

*"Benki haitanikopesha."* Inawezekana kabisa. Kabla ya kuanza, uliza benki na kampuni ya bima kama wanaipokea nyumba ya mbao kuwa dhamana, na kwa masharti gani. Kama lengo lako kuu ni kukopea, jibu lao liamue.

*"Nchi yetu kavu haina miti, si nitaharibu msitu?"* Ukinunua mbao za mashamba yaliyopandwa, unamlipa mtu apande tena. Ukinunua mninga wa magendo, unamlipa mtu amalize. Hizo ni njia mbili tofauti, na karatasi za mbao ndizo zinazozitofautisha.

*"Halmashauri watanikubalia?"* Kibali cha ujenzi kinahitajika kama kwa nyumba yoyote, na baadhi ya maeneo ya mjini yamepangiwa vifaa vya kudumu. Peleka michoro kwanza, nunua mbao baadaye.

*"Naweza kuchanganya?"* Unaweza, na mara nyingi ndivyo ninavyoshauri: tofali hadi usawa wa dirisha, mbao kutoka hapo kwenda juu. Jiko, bafu na choo viwe vya tofali moja kwa moja. Bafu ndani ya ukuta wa mbao, bila vigae na bila fundi bomba makini, huoza kabla ya rangi kuchakaa.

Matunzo

Kila wiki: zunguka nyumba, tazama chini ya ukuta. Njia ya udongo ibomoe, kisha fuatilia ilikotoka.

Kila mwezi: hakikisha hakuna kuni, maua wala lundo la udongo lililoegemea ukuta. Akina mama hupenda maua chini ya dirisha. Yakae mita moja mbele.

Kabla ya kila msimu wa mvua: safisha gata, kaza misumari ya bati, ingia uvunguni na tochi na bisibisi. Choma bisibisi kwenye mbao za chini. Ikizama kirahisi, mbao hiyo imeoza au imeliwa, ibadilishe kabla hujanunua kitu kingine chochote mwaka huo.

Kila miaka miwili hadi mitatu, upande unaopigwa na jua na mvua upakwe upya. Rangi ikianza kubanduka, ikwangue kwanza. Kupaka juu ya rangi iliyobanduka kunafungia maji ndani.

Na siku ya kumalizana na mafundi, weka mbao kumi hivi kutoka shehena ile ile, kavu na zenye dawa, juu ya dari. Mwaka wa tano utakapohitaji kubadilisha ubao mmoja, hutapata sokoni wenye upana huo huo.